Ziba Kufuli kwa Mgongo

Sheria ya kwanza ya kituo kile imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, juu ya ndoo za chakula: ZIBA KUFULI KWA MGONGO. Mgeni akiisoma hucheka. Akishafanya kazi wiki mbili na sokwe, kicheko humwisha chenyewe.

Maana sokwe hana kazi kubwa kuliko kutazama. Atakutazama ukifunga kamba za viatu, ukimenya ndizi, ukijikuna. Zamani, kabla ya ile rangi nyekundu, dume mmoja alimtazama mlishaji wake kwa miezi mitatu, kimya, mikono kaifumbata kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Siku ya siku akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo kwenye koti lililotundikwa karibu na waya, akajifungulia. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo, akawafungulia na wenzake. Meneja alishinda siku ile juu ya tangi la maji, na mpaka leo ukimkumbusha hujifanya anatafuta miwani.

Katika wafanyakazi wote hakuna aliyeishika sheria ile kama mwanamke mmoja wa makamo, aliyelea sokwe yatima pale kituoni kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Mama Mgongo. Akifika mlangoni aligeuka kwanza, akatanua viwiko koti la kazi likatandazika, akafungua kwa kupapasa bila sokwe hata mmoja kuona kidole chake. Aliziba hata walipokuwa wamelala.

"Nani kakwambia wamelala?" aliwauliza waliomtania. "Mimi mwenyewe nikisikia naitwa kufagia huwa nimelala."

Alikuwa na imani moja, na aliipata kwa sokwe jike aitwaye Kifungo. Huyo aliletwa mchanga, mama yake kauawa na wawindaji, akang'ang'ania kifungo cha blauzi ya Mama Mgongo kwa siku tatu mpaka uzi ukakatika. Sasa, porini mtoto wa sokwe hukaa kando ya mama yake akimtazama anavyoweka kokwa juu ya jiwe na kuipasua kwa jiwe jingine. Hafundishwi kwa maneno wala kwa kiboko. Anatazama tu, miaka na miaka. Yatima hana wa kumtazama, na asiyejua kupasua kokwa akirudishwa msituni atakufa njaa huku chakula kimemzunguka. Kwa hiyo kila jioni Mama Mgongo aliketi chini, miguu kanyoosha, akapasua kokwa mbele ya Kifungo, taratibu, na baadaye akamwachia mawe.

Miaka mitatu Kifungo hakupasua hata moja. Alilikalia jiwe. Aliilamba kokwa. Aliipiga kwa kiganja, akaitupa, akaziba uso. Wengine walimkatia tamaa, wakaandika kwenye daftari kwamba hafundishiki. Kisha Jumanne moja, bila shamrashamra, akaweka kokwa juu ya jiwe, akainua jiwe la pili, akapiga mara moja, akala. Hakugeuka hata kuangalia kama anapigiwa makofi.

"Alikuwa anakusanya," Mama Mgongo alimwambia meneja. "Anayetazama usimhukumu kwa anachoshindwa leo."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake. Ninayaweka hapa mapema kwa sababu kilichomuumiza baadaye si kutojua. Alijua kuliko wote.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake mzazi, katika vyumba viwili vya chini vinavyotazama uchochoro. Mama huyu alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, mwanamke aliyeweza kukuambia chumvi imepungua kwa kunusa tu mvuke. Ugonjwa wa kusahau ulimjia kidogo kidogo. Kwanza yalipotea majina, kisha siku, kisha njia ya kwenda dukani. Mwisho vikaanza kupotea vitu vyenyewe. Si kwamba havikuwepo, bali mikono haikujua tena ni vya nini. Asubuhi moja Mama Mgongo alimkuta anakoroga chai kwa kitana.

"Mama, hicho ni cha nywele," akamwambia.

Mama akakitazama kitana, akamtazama bintiye, akatabasamu kwa adabu kama anavyotabasamu mgeni asiyeelewa lugha ya mwenyeji. Akaendelea kukoroga.

Daktari aliwapa jibu moja kwa moja, na mimi simlaumu, wagonjwa walikuwa foleni mpaka nje. Alisema ubongo wa mama haupokei tena jambo jipya. "Hafundishiki," alisema. "Usimchoshe, wala usijichoshe."

Neno hilo Mama Mgongo alikuwa ameshaliona likiandikwa kwenye daftari la kituo. Jioni ile alichukua kitana chake mwenyewe, akampa mama cha kwake, akaketi mbele yake magoti yakigusana. Hakusema kitu. Akafungua kitambaa, akaanza kuchana nywele zake, taratibu, kuanzia kwenye paji la uso kwenda nyuma. Mama akatazama. Mkono wake ukapanda nusu, ukashuka, ukapanda tena. Kisha akachana, kuanzia kwenye paji la uso kwenda nyuma, na alipofika kisogoni akafumba macho kwa raha. Mama Mgongo akaenda jikoni, akafungulia bomba, akalia maji yakimwagika ili asisikike.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika nyumba ile mambo yalikuwa yamepinduka, nina ndiye aliyekuwa akitazama kisogo cha mwana. Hata kumwita, mama huyo alimwita bintiye "mama". Kila asubuhi walikula wakitazamana: binti akiinua kijiko, mama anainua, binti akipangusa mdomo, mama anapangusa. Kesho yake ilibidi kuanza upya, kana kwamba usiku mtu alipita na kufuta ubao. Mama Mgongo hakuchoka. Kazini alikuwa amezoea kuanza upya.

Kaka yake hakuupenda mpango huo. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa kupima kitu, kukata na kuondoka, na alikuja kila Jumapili na mfuko wa matunda ili asikae sana. Siku moja akawakuta mezani, akasimama mlangoni, akaangalia vijiko viwili vikipanda na kushuka pamoja.

"Kwa hiyo sasa unamfundisha mama kama nyani," akasema.

"Sokwe," dada yake akamjibu bila kugeuka. "Nyani ana mkia."

"Sicheki, mdogo wangu."

"Na mimi sicheki. Mwangalie anavyokula. Mwezi uliopita ulimlisha wewe mwenyewe kwa mkono, ukaondoka unalia."

Kaka mtu akaketi. Akayatoa matunda mfukoni moja moja, akayapanga bila sababu. "Kinachokula hapo ni mwili," akasema polepole. "Mama yetu alishaondoka. Tungekuwa wakweli tungempeleka kwenye nyumba ya wazee, kuna wauguzi, kuna geti. Wewe unashinda kazini, yeye anashinda peke yake. Siku atakayotoka akapotea, au akaanguka, sitakuuliza. Nitakuja na gari, nimchukue."

"Hatatoka."

"Na uniahidi hivyo hivyo."

"Nakuahidi. Mama yupo hapa, na atakaa hapa."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Mama akitoka mara moja tu, angechukuliwa, na Mama Mgongo alijua kwamba mle kwenye nyumba ya wazee hakuna atakayeketi naye magoti kwa magoti na kitana mkononi. Kesho yake akamwita seremala. Seremala akafunga komeo la springi juu ya kitasa, kwa ndani. Ukiwa nje ulilifungua kwa ufunguo. Kwa ndani ilibidi ubonyeze ulimi wake kwa gumba la kushoto na papo hapo uinue mkono wa kitasa kwa kulia. Ukiachia kimoja, mlango haufunguki. "Hili hata mwizi akiwa ndani atapiga hodi atolewe," seremala alijisifu. Ufunguo wa pili akapewa fundi cherehani, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye kila saa sita mchana aliingia kumpa mama chakula. Siku za mwanzo mama alikitikisa kitasa mara kadhaa, kikamshinda, akakiacha.

Toka hapo kila asubuhi ikawa moja. Wanakula wakitazamana. Binti anavaa koti la kazi, anafunga kitambaa, anaingiza miguu kwenye buti za mpira, anachukua kikapu. Mama ameketi kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu, na kimto kidogo kimefungwa mahali pa kichwa. Binti anainama, anampapasa kichwani mara mbili, anasema, "Narudi sasa hivi." Anakwenda mlangoni. Gumba la kushoto, mkono wa kulia, anatoka, anavuta mlango. Mama ananyanyuka, anasimama dirishani, anamtazama akishika kushoto mpaka kwenye kona anakokaa fundi viatu, ambako anapotea. Miezi saba hivyo, bila kuzidi wala kupungua.

Na katika asubuhi zote hizo, yule ambaye hakuwahi kumwonyesha sokwe kidole chake kwenye kufuli, alibonyeza lile komeo mbele ya macho ya mama yake. Haikumjia kabisa kwamba kuna wa kumficha.

Kuna jioni moja ingeweza kumwamsha. Aliporudi alimkuta mama amesimama mlangoni, gumba la kushoto limekandamiza ukuta, shibiri moja kando ya komeo. Mama Mgongo akacheka. "Unausalimia mlango?" akamwuliza, akamshika mkono, akamrudisha kitini. Lau angekuwa Kifungo aliyesimama vile, Mama Mgongo angepiga mbio kwa meneja kuomba kufuli jipya.

Wiki hiyohiyo kituoni alikuwa akimsaidia mtafiti, binti mpole aliyekuja na masanduku mawili, jeusi na la kioo. Mtafiti alichukua sanduku jeusi, akagonga juu mara mbili kwa kijiti, kisha akaingiza kijiti kwenye tundu la ubavuni, akavuta karanga. Akampa Kifungo. Kifungo akagonga mara mbili, akaingiza kijiti, akavuta karanga. Mtafiti akaleta sanduku la kioo, akafanya vilevile. Humo mtu aliona wazi kwamba kule kugonga hakugusi kitu, kwa kuwa katikati kulikuwa na ubao. Kifungo akalichungulia mara moja, akaacha kugonga, akaenda moja kwa moja kwenye karanga.

"Ameona ni upuuzi, kaukata," Mama Mgongo akasema kwa fahari ya mzazi.

"Sokwe karibu wote hufanya hivyo," akasema mtafiti. "Lakini nimewajaribu na watoto wa chekechea. Wao wanagonga, mama. Hata sanduku la kioo, hata wakiona kwa macho yao kwamba hakusaidii, wanagonga mara mbili kama nilivyogonga."

Mama Mgongo alicheka mpaka akashika waya. "Kumbe bora sokwe."

"Sokwe anataka karanga tu. Mtoto anataka karanga, na anakutaka na wewe. Anajiambia, huyu hawezi kugonga bure. Basi anabeba yote, lenye faida na lisilo na faida."

"Na mimi nilikuwa nawadharau watoto wa watu," akasema Mama Mgongo, akaenda kuosha ndoo. Hakulifikiria tena.

Ilikuwa Alhamisi. Saa sita na robo simu ililia mfukoni mwake akiwa anakata mihogo ya jioni. Ni fundi cherehani.

"Jirani, mama umeenda naye wapi?"

"Yupo ndani. Kiti kipo, mama yupo."

"Kiti kipo, mama hayupo. Mlango nimeukuta umefungwa vizuri."

"Tazama uvunguni. Tazama bafuni."

"Nimetazama kote." Sauti ya fundi ikapungua. "Si ulirudi saa tano na nusu? Nilikuona. Nikadhani umesahau kitu. Nilikuona ukitoka na koti lako na kikapu, nikakupungia mkono, na wewe ukanipungia bila kugeuka."

Mama Mgongo alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kufua, na buti za zamani zilizotoboka alizoziacha nyuma ya mlango pamoja na kikapu kikuukuu. Aliweka kisu chini. Baadaye wenzake walisema alitoka bila kuaga, na kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliuacha mlango wa jiko wazi, mmoja wao akakimbia kuufunga.

Hakumkuta mama. Alimkuta fundi viatu kwenye kona, amesimama, kofia mkononi, na watu kadhaa wameinamia mtaro. Walikuwa wamekwisha kumtoa na kumpeleka hospitali. Kikapu kilibaki palepale ukingoni. Ndani yake mlikuwa na kijiko kimoja na kitana.

"Alikuja saa tano na nusu," fundi viatu alieleza. "Nikajua ni wewe, mpaka nilipoona uso. Nikamwamkia, shikamoo mama, unakwenda wapi? Akaniambia, narudi sasa hivi. Alisema vizuri kabisa, kwa heshima. Kisha akafika hapa, akasimama."

"Akasimama tu?"

"Akasimama tu, muda mrefu. Kama mtu aliyekuwa anafuata maelekezo, yakaishia hapo. Nilikuwa na kiatu mkononi, nikasema nimalizie soli, nimrudishe nyumbani. Nikasikia kishindo. Dada, nisamehe. Ilikuwa soli moja tu."

Mama Mgongo akageuka, akaangalia alikotoka. Dirisha la chumba chao lilionekana kwa mbali, na pale aliposimama ndipo lilipokomea. Hatua moja zaidi lingefichwa na ukuta. Mama alimfuata mpaka pale alipokuwa akimwona kila siku, na mbele ya hapo hakuwahi kuonyeshwa kitu.

Nyonga ilivunjika. Madaktari walisema mifupa ya umri ule haishiki haraka, na siku ya sita mapafu yakaanza kujaa. Kaka alikuja na gari kama alivyosema, lakini hapakuwa na wa kumchukua. Alikaa upande mmoja wa kitanda, dada yake upande wa pili. Hakumkumbusha ahadi. Ningependa kusema mama alimtambua mmoja wao, lakini hakumtambua. Wakati fulani Mama Mgongo alishika glasi ya maji, akanywa polepole mbele yake, akamsogezea glasi ya pili. Mama aliitazama glasi, akamtazama bintiye, na mkono ukapanda nusu juu ya shuka. Ukashuka. Haukupanda tena. Alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, saa ambayo kwa kawaida wangekuwa mezani.

Walipokwisha kumzika, watu wakaja na kuondoka, nyumba ikabaki na wale ndugu wawili na fundi cherehani aliyekuwa akiosha vyombo kwa nguvu kuliko vilivyohitaji. Kwake yalikuwa makubwa pia. Alikuwa hajapata usingizi tangu Alhamisi ile.

"Mimi ndiye niliyemwua," akasema ghafla, mikono ndani ya povu. "Macho yangu haya ya kutungia uzi kwenye sindano, nikashindwa kumjua mama wa watu."

"Ulimwona kwa nyuma, na koti langu," akasema Mama Mgongo.

"Si koti tu. Koti lingenidanganya mara moja. Ni kila kitu. Nilikuona dirishani, yaani nilimwona, amesimama kando ya kiti, kanigeuzia mgongo. Kiti kinanipa kisogo, sioni aliyeketi. Akainama, akampapasa mama kichwani, mara mbili, kama unavyofanya. Nikajiambia, basi ni yeye, anamuaga mama yake. Ndiyo maana sikuangalia zaidi."

Mama Mgongo alikiangalia kile kiti, na kimto chake mahali pa kichwa.

"Kiti kilikuwa kitupu," akasema.

"Sasa nimejua."

Fundi alipoondoka, kaka aliivuta stuli, akaketi karibu na dada yake. Alikuwa ameazimia kusema jambo la huruma, na alilisema kwa moyo mweupe. "Usijilaumu. Yule aliyetoka si mama. Mama aliondoka zamani, tulishamlilia. Kile kilikuwa kiwiliwili kinaiga iga tu, hakijui kinachofanya."

Mama Mgongo akamsimulia habari ya sanduku jeusi na sanduku la kioo. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma na kusahihisha, lakini kaka yake alikuwa fundi, alielewa mambo ya matundu na mbao.

"Kufungua ule mlango kulihitaji gumba na mkono," akamalizia. "Angetaka kutoka tu, angefanya hayo mawili, akatoka. Kukipapasa kiti hakufungui mlango, kaka. Sokwe wangu yeyote angekiacha. Mama hakukiacha. Alikuwa peke yake chumbani, hakuna wa kumpapasa, akakipapasa kiti, kwa sababu mimi nilikuwa nampapasa yeye."

Kaka mtu akainamisha uso, akaushika kwa viganja vyote viwili, na mabega yake mapana ya kubebea mabomba yakaanza kutikisika. Dada yake hakumnyamazisha.

"Alikuwepo," akasema. "Miezi saba nilikwambia yupo, na nilikuwa nasema tu, sikuwa naamini. Sokwe wale niliwapa heshima yao, nikawahesabu kwamba wanaona. Mama yangu nilimfungulia komeo usoni kila siku. Ningeamini kweli kwamba yupo, ningelificha."

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Asubuhi hiyo alikula peke yake, akaosha kijiko kimoja, akavaa koti. Buti za zamani zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa hospitali, zimeoshwa na mtu asiyemjua, akaziacha humo. Akachukua kikapu. Alipofika kwenye kiti akainama, akapapasa kimto mara mbili, akasema narudi sasa hivi. Kisha akaenda mlangoni, akageuka, akatanua viwiko koti likatandazika, akaliziba komeo lote kwa mgongo, na akafungua kwa kupapasa, macho yake yakiangalia kile kiti.